Kuanzisha bustani ya mimea ya asili kwa ajili ya nyuki, vipepeo na ndege aina ya chozi katikati ya Dar es Salaam

Maua Dar yapo. Tembea Oysterbay, zunguka Mnazi Mmoja, pita mbele ya hoteli za Posta, utakuta bogonvilia, alamanda na iksora zimepangwa vizuri. Wadudu wa kuyatembelea ndio wachache. Bogonvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, na ile rangi yote unayoiona ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati, kenye koo refu na jembamba, na nyuki mwenye ulimi mfupi hafikii kitu humo. Chini yake ni ukoka unaokatwa kila mara. Mdudu anapita hapo na njaa yake.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha mtaa, klabu ya mazingira ya shule, au watumishi wa manispaa wanaotaka kugeuza kipande cha bustani ya umma, tuseme mita 5 kwa 10, kiwe na chakula na malazi ya wachavushaji, yaani wadudu, ndege na popo wanaobeba chavua (unga wa maua) kutoka ua hadi ua, mwaka mzima. Mimea niliyoitaja ni ya ukanda wa Pwani: udongo wa kichanga, joto, masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba. Aliye Tanga, Mtwara, Mombasa au Unguja hatabadilisha mengi. Aliye Arusha au Nairobi achukue hatua hizi, mimea atafute ya kwao.

Hatua ya 1: Anza na mwenye fyekeo

Kibali lazima upate, na njia yake inajulikana: barua kupitia serikali ya mtaa, iende kwa mtendaji wa kata, kisha kwa afisa mazingira wa manispaa, ikiwa na mchoro wa eneo na jina la anayewajibika. Hilo ni suala la uvumilivu tu.

Bustani za namna hii, hata hivyo, haziuawi na ofisi. Zinauawa na usafi. Mimea ya asili katika miezi mitatu ya kwanza haina tofauti na magugu kwa macho ya mtu aliyepewa kazi ya kusafisha, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima unapotoka na mafyekeo, majembe na mafagio, kazi yenu yote inaweza kuisha kabla ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo kabla hujanunua hata mche mmoja, kaa na watunza bustani na wafagiaji wa eneo hilo. Wajue kwa majina. Waulize wao wameona nini hapo, maana wanajua maji yanatuama wapi, vijana wanakata njia wapi, na ni mti gani nyuki wanaupenda. Mkiweza, mmoja wao alipwe kidogo awe msimamizi wa kipande hicho.

Kubalianeni mambo manne, yaandikwe kwenye karatasi hata kama ni ya daftari: ndani ya mpaka hakufyekwi bila kuuliza, majani makavu hayachomwi, dawa ya kuulia wadudu haipulizwi, na nani anamwagilia siku gani. Kisha wekeni mpaka unaoonekana, wa mawe yaliyopakwa chokaa au matofali yaliyolazwa. Kichaka chenye ukingo ulionyooka mtu anaelewa kuwa kimepandwa. Kichaka hichohicho bila ukingo kinafyekwa.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Unatafuta jua la saa sita au zaidi kwa siku. Nenda saa tatu asubuhi, urudi saa saba mchana na saa kumi jioni, uone kivuli kinatembeaje. Maji yawe karibu kiasi kwamba mpira wa bomba unafika, kwa sababu kubeba ndoo kuna mwisho wake. Kaa mbali na bembea za watoto na mabenchi ya watu wanaokula chipsi. Epuka njia ya mkato. Kama watu wamezoea kupita hapo wataendelea kupita, basi waachie njia yao na mpande pembeni yake.

Usiogope udogo wa eneo. Nyuki wa asali anaweza kuruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, lakini nyuki wengi wadogo hawavuki mita mia chache kutoka wanapolala. Kwao kipande kidogo cha karibu kina faida kuliko msitu wa Pugu.

Hatua ya 3: Jua unawapandia nani

Watu wakisikia mchavushaji wanawaza nyuki wa asali. Ni mmoja tu. Kuna jamii zaidi ya 20,000 za nyuki duniani, na nyingi hazina mzinga wala malkia: kila jike anachimba kitundu chake na kulea watoto wake peke yake. Kwa hapa kwetu, yule wa kumtafuta kwanza ni lile nyuki kubwa jeusi linalotoboa mbao kavu na kuvuma kama pikipiki. Watu wanalikimbia bure, maana jike huuma tu ukilishika au kulibana, na dume halina mwiba kabisa. Ndilo linalolitikisa ua la nyanya, bilinganya au mnavu kwa mtetemo wa kifua mpaka chavua ikamwagika, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi.

Kisha kuna nyuki wadogo wasiouma, ambao pengine unao ukutani kwako na hujawatambua. Tafuta kimrija kifupi cha nta kilichochomoza kwenye ufa wa ukuta au kwenye shina la mti, na wadudu weusi wadogo kuliko sisimizi wa kawaida wakiingia na kutoka.

Ongeza vipepeo, nondo wa jioni, nzi wanaofanana na nyuki, chozi wenye mdomo uliopinda, na popo. Mbuyu hufungua maua yake jioni, popo wanakuja usiku, na kufikia kesho yake ua limenyauka. Ukiona popo wanazunguka mibuyu ya Oysterbay na Masaki wakati imechanua, wapo kazini.

Hatua ya 4: Panga mimea kwa kalenda

Hapa ndipo watu wanapokosea. Wanapanda vitu vinavyochanua wakati mmoja mara baada ya masika, Juni panapendeza, Septemba na Februari hakuna kitu. Chora miezi kumi na miwili kwenye karatasi, na usiridhike mpaka kila mwezi una angalau aina mbili za maua. Orodha yangu ya kuanzia ni hii.

*Kivumbasi* (Ocimum gratissimum). Kama nafasi ingetosha mmea mmoja tu, ningepanda huu. Ukipata maji kidogo unachanua karibu mwaka mzima, nyuki wa kila saizi wanaujia, na wenyeji hawaung'oi kwa sababu wanautumia kufukuza mbu na kutuliza kikohozi. Unafika kimo cha mtu, kwa hiyo upande nyuma.

*Marejea* (Crotalaria). Maua ya njano yaliyofungwa, ambayo mdudu mwepesi hawezi kuyafungua. Lile nyuki jeusi linatua kwa uzito wake na ua linafunguka. Mizizi yake inarutubisha mchanga. Usiing'oe ikikauka: vipepeo madume wa jamii ya Danaus hukusanyika kwenye mabua makavu, wakinyonya kemikali wanazotengenezea harufu ya kumvutia jike. Mbegu za aina nyingi zina sumu kwa mifugo, kwa hiyo kama mbuzi wanazurura eneo lenu, fikirini mara mbili.

*Mshubiri wa asili.* Siyo ile aloe ya vipodozi, hiyo asili yake ni Uarabuni. Mishubiri yetu mingi hutoa mashina ya maua mekundu au ya chungwa wakati wa kipupwe, pale ambapo vingine vimechoka, na chozi hawakosi. Biashara ya kimataifa ya mishubiri karibu yote inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, basi usikubali mche uliong'olewa porini. Omba machipukizi kwa mwenye nao nyumbani.

*Leonotis.* Shina refu lililonyooka, na juu yake mafundo ya miiba yenye maua ya chungwa, fundo juu ya fundo. Lina mbegu nyingi na hujiotea lenyewe. Lipe kona.

*Mgagani na kunde.* Ndiyo, mboga. Yote miwili ni mimea ya Afrika. Mgagani unachanua ndani ya wiki chache tangu kuotesha, na maua yake hufunguka jioni kwa ajili ya nondo, huku nyuki wakipata masazo asubuhi. Kunde ina maua mapana ambayo manyuki makubwa huyapenda. Panda hivi viwili kila mwanzo wa mvua ili kuziba pengo wakati vichaka vya kudumu bado vinakua. Na mama anayepita akachuma majani mawili matatu, mwache. Atakuwa mlinzi wenu.

*Mkwamba* (Flueggea virosa). Kichaka kisicho na sura ya kujivunia, ila maua yake madogo yanajaa nyuki, na matunda yake meupe yanaliwa na ndege na watoto. Upo mmea dume na mmea jike, basi panda kadhaa.

Kama eneo lina nafasi ya mti, weka mkwaju au mpingo. Mpingo unakua polepole mno, unapandiwa wajukuu. Ukuta au kichanja kinaweza kubeba mbungo, wenye maua meupe yanayonukia na matunda ambayo Dar na Unguja wanayajua kwa juisi. Mkiwa ufukweni, kule Coco Beach kwa mfano, anzeni na ile Ipomoea ya zambarau inayotambaa juu ya mchanga (Ipomoea pes-caprae). Inastahimili chumvi na inashika mchanga usipeperuke.

Na vipepeo hawaishi kwa maua peke yake. Wanahitaji jani la kutagia, na jani hilo litaliwa. Mlimau siyo mti wa asili wa huku, lakini kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano anayetaga juu yake ni wa hapahapa. Panda mmoja pembeni. Kiwavi wake akiwa mchanga hutamfahamu, utadhani ni kinyesi cha ndege kimedondoka juu ya jani. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anachomoza pembe mbili laini nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Waonyesheni watoto, mkiwaambia wasimuue.

Kuhusu mwarobaini, najua nitapingwa. Ni mti wa kutoka Bara Hindi na pwani hii unajisambaza vibaya, kwa kuwa ndege na popo wanakula matunda na kuangusha mbegu kila mahali. Ila kama upo tayari na wazee wanakaa chini yake wakicheza bao, usiuguse. Ng'oa miche yake tu inayojiotea ndani ya kipande chenu. Lantana, ile yenye vishada vya njano na pinki, hiyo ng'oa na mizizi yake, hata kama vipepeo wanaipenda. Kishonanguo nacho ni mgeni, lakini nyuki wanakila vizuri. Mimi hukiacha ukingoni mpaka mimea yetu ishike.

Hatua ya 5: Pata mbegu na miche

Vitalu vya kando ya barabara vimejaa maua ya kigeni, kwa sababu ndiyo yanayoulizwa. Waulize tu, wengi wana kivumbasi nyuma ya banda na hawajui kuwa kuna anayekihitaji. Uliza pia kama miche imepuliziwa dawa karibuni. Miche ya miti ya asili itafute kwenye vitalu vya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mbegu za ukwaju na kunde ziko sokoni, za mgagani ziko maduka ya pembejeo. Msichimbe miche kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ni hifadhi.

Anza kuotesha mwezi Desemba au Januari ili miche iwe tayari masika yakianza. Mbegu za marejea na mkwaju zina ganda gumu: ziloweke usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu. Za kivumbasi ni ndogo sana, zinyunyize juu ya udongo wa kiriba (kifuko cha kuoteshea miche), ukandamize kwa kiganja, usizifukie.

Hatua ya 6: Andaa ardhi

Adui ni ukoka. Ukiuacha kipande cha mzizi, unarudi. Chimbua kwa jembe, chambua mizizi kwa mkono, kisha laza maboksi yaliyofunguliwa, yaloweshe, na uweke matandazo ya majani makavu juu kwa wiki kadhaa. Ondoa gundi ya plastiki kwenye maboksi kwanza.

Mbolea kidogo. Mimea hii imezoea mchanga wetu, na samadi nyingi inaleta majani mengi na maua machache. Koleo moja la mboji iliyoiva kwa kila shimo inatosha. Mti upewe ndoo.

Hatua ya 7: Panda

Subiri mvua zishike hasa, siyo ile ya kwanza ya kudanganya. Panda alasiri jua likipungua. Usichanganye mche mmoja mmoja wa kila aina: weka aina moja pamoja, mitano hadi saba, ijaze eneo la kama mita moja. Nyuki akitoka kutafuta chakula hupenda kubaki kwenye aina moja ya ua, na kundi kubwa analiona kwa mbali. Virefu nyuma, vifupi mbele, na nafasi ya mtu kupita katikati akipalilia.

Mwagilia siku hiyohiyo hata kama kuna wingu. Baadaye, mvua zikikata, mara mbili kwa wiki kwa mwaka wa kwanza, maji mengi yafike chini, kuliko kunyunyiza kidogo kila siku. Mwaka wa pili mingi itajitegemea, isipokuwa Januari na Februari.

Hatua ya 8: Malazi

Hii ndiyo sehemu inayorukwa, na bila hiyo mmejenga hoteli isiyo na vyumba. Acheni mita moja au mbili za mraba za udongo mtupu, penye jua na mteremko kidogo, bila matandazo. Nyuki wa ardhini watachimba hapo vitundu vyenye kifusi kidogo mdomoni. Lazeni gogo kavu, au lisimamisheni likiwa limefungwa lisiwaangukie watoto. Lisiwe limepakwa dawa ya mchwa. Mabua makavu ya marejea na Leonotis yakatwe kimo cha goti na yaachwe, maana baadhi ya nyuki hulala ndani yake. Majani makavu yasukumwe chini ya vichaka badala ya kuchomwa.

Sahani pana ya udongo yenye mawe na maji ya kina kifupi inawafaa nyuki wanywe bila kuzama. Hapa muwe makini: Dar imepata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji machache yaliyotulia. Mwageni na kusugua sahani kila baada ya siku mbili. Kama hakuna wa kufanya hivyo, msiweke sahani kabisa. Na manispaa ikipanga kupuliza dawa ya mbu, ombeni ifanyike giza likiingia, nyuki wakiwa wamerudi, na isielekezwe kwenye maua.

Mapipa ya taka yawe na vifuniko. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na pale penye mabaki ya chakula hukaa akala mayai na makinda ya ndege wadogo, chozi wakiwemo.

Hatua ya 9: Watu na nyuki

Msiweke mizinga ya nyuki wa asali kwenye bustani ya umma. Nyuki wetu wana hasira, na tukio moja tu litafanya kipande chote kifyekwe. Kundi likitua kwenye tawi, kwa kawaida linapumzika, na mara nyingi litaondoka lenyewe ndani ya siku moja au mbili. Zungusheni kamba, zuieni mawe, moto na dawa, na muiteni mfugaji wa nyuki likikaa zaidi. Mkitaka mzinga, wekeni wa nyuki wadogo wasiouma.

Kibao ni muhimu, cha Kiswahili na chenye picha: "Bustani ya nyuki na vipepeo. Mimea hii imepandwa, tafadhali usifyeke." Andikeni na namba ya simu ya msimamizi.

Hatua ya 10: Kutunza

Palilia kila wiki miezi mitatu ya kwanza, baadaye mara moja kwa mwezi. Ukipogoa, pogoa theluthi moja ya bustani kwa wakati mmoja, iliyobaki iendelee kulisha. Mara moja kwa mwezi, saa tatu asubuhi siku ya jua, kaa mbele ya kundi moja la maua kwa dakika kumi na uandike waliokuja. Huhitaji majina ya kisayansi: "jeusi kubwa", "wadogo wasiouma", "chozi", "kipepeo wa machungwa" yanatosha. Mwezi utakaoona daftari limebaki tupu ndio mwezi wa kutafutia mmea mwingine.

Mbegu zikusanye kabla mvua hazijarudi. Marejea ivune ganda likianza kulia ndani, kivumbasi vishada vikiwa vya kahawia. Zianike kivulini, ziweke kwenye bahasha ya karatasi, uandike jina na mwezi, na umpe mwenyekiti wa mtaa wa pili bahasha zake mapema, kwani naye itabidi aanze na barua.